Fulusi za Kaisari: shaba haikuoza, iliuawa na fedha

Serikali ina Wizara ya Fedha. Mtaani hakuna anayeomba kukopeshwa fedha. Watu huomba pesa. Na ukikaa barazani na mzee wa pwani mwenye Kiswahili cha zamani, huenda akakwambia hana hata fulusi. Maneno matatu kwa kitu kimoja, ila kila neno limetoka kwenye madini yake. Fedha ni jina la yale madini meupe ya bangili na pete, tulilolipata kwa Waarabu. Pesa ni paisa ya Wahindi, kisarafu cha shaba, ambacho kwa hesabu ya Bara Hindi vilitakiwa 64 kutimiza rupia moja. Fulusi ndiyo iliyotoka mbali zaidi: kwa Kiarabu ni wingi wa fals, sarafu ya shaba, na fals ilirithiwa kutoka follis ya Warumi wa Constantinople. Follis kwa Kilatini ni mfuko wa ngozi.

Ofisi inasema fedha, soko linasema shaba. Nimeanza hapo kwa sababu historia ya pesa za Roma nayo imeandikwa kiofisi, na kwa maoni yangu imeandikwa kichwa chini miguu juu.

Hadithi yenyewe mmeisikia, maana haikosekani penye mjadala wa mfumuko wa bei. Kaisari Nero, mwaka 64 BK, alipunguza uzito wa dinari, sarafu ya fedha ya Warumi, na kuizidishia shaba. Septimius Severus, katika miaka ya 190, akaishusha hadi karibu nusu yake ikawa shaba. Caracalla, mwaka 215, akatoa sarafu mpya, antoniniani, ambayo wataalamu wengi wanakubaliana kuwa ilihesabiwa dinari mbili ilhali uzito wake ulikuwa wa dinari moja na nusu hivi. Kufika mwaka 268, katika kila sehemu 100 za sarafu hiyo, fedha ilikuwa sehemu mbili au tatu tu. Mchoro wa hesabu hizi huteremka kama ngazi za kisimani, na mchambuzi hufunga kwa kusema kwamba mtawala akichezea fedha, dola huanguka.

Mchoro ni wa kweli. Ninachobisha ni kwamba unapima mkoba wa askari na wa mtoza ushuru, kisha unadai umepima soko. Soko la Roma liliendeshwa kwa shaba. Na shaba ile haikufa kwa kuchakachuliwa. Ilikufa kwa sababu ilibaki kitu cha thamani wakati fedha iliyoketi juu yake imeshakuwa takataka.

Tuijue kwanza familia yenyewe. Augustus, Kaisari wa kwanza, karibu mwaka 23 KK, ndiye aliyezipanga sarafu upya. Juu kabisa dhahabu: aureo moja kwa dinari 25 za fedha. Chini ya dinari ndipo shaba ilipotawala. Dinari ilivunjwa kwa sesterti nne, sesterti kwa dupondi mbili, dupondi kwa asi mbili, na asi kwa kwadransi nne. Sesterti ilikuwa dude: gramu 25 hivi, pana kama mdomo wa kikombe cha kahawa. Asi ilikuwa gramu 11 hivi.

Matajiri walizihesabu sesterti lakini hawakuzibeba. Seneta alitakiwa awe na mali isiyopungua sesterti 1,000,000. Lau angedaiwa azilete zenyewe mlangoni, angehitaji kusomba tani 25 za shaba. Kwa dhahabu, deni hilo hilo lilikuwa aureo 10,000, kilo 78 hivi, mzigo wa punda mmoja. Aliyezishika kweli sarafu za shaba ni mtu wa kawaida, na alama zake bado zipo. Ukutani huko Pompeii kuna tangazo la kilabu cha mvinyo: asi moja unakunywa, mbili unakunywa kizuri zaidi, nne unakunywa Falerno, mvinyo wa wenye nazo. Huko Isernia, kusini mwa Italia, kuna jiwe lililochongwa mazungumzo ya mgeni akilipia chumba. Mvinyo na mkate, asi moja. Kitoweo, asi mbili. Msichana, asi nane; mgeni anakubali bila kubisha. Majani ya nyumbu, asi mbili. Hapo ndipo analalama: huyu nyumbu atanifilisi! Na kwenye mabafu ya umma mwanamume aliingia kwa kwadransi moja.

Wasomaji wa Biblia wanazijua sarafu hizi bila kujijua. Wale shomoro wawili wa Mathayo wanaouzwa kwa senti moja, Kigiriki kinasema wanauzwa kwa asarioni, ambayo ndiyo asi. Luka anawataja watano kwa mbili. Maana yake ukinunua wa sarafu mbili unaongezewa mmoja, nyongeza ya muuza sokoni ambayo hakuna Kaisari aliyeitungia sheria. Zile mbili za mjane Marko anazipigia hesabu mwenyewe: jumla yake kwadransi. Mama yule alitoa riziki yake yote, nayo ilikuwa sawa na kiingilio kimoja cha bafu kule Roma. Ila dinari ya kodi, ile yenye sanamu ya Kaisari, ilibidi watu waagizwe wailete ndipo ionekane.

Makumbusho yametupoteza kwa rangi. Sesterti tunaziona kijani au kahawia, lakini hiyo ni kutu ya karne nyingi ardhini. Ikiwa mpya, iling'aa manjano, karibu kabisa na dhahabu. Haikuwa shaba tupu, wala shaba iliyochanganywa na bati. Ilikuwa orikalko, yaani shaba na zinki, ndugu wa zile njumu za manjano kwenye milango ya Unguja. Asi na kwadransi kwa kawaida zilikuwa shaba nyekundu. Dupondi na asi zilikaribiana kwa ukubwa na kutofautiana kwa rangi, na bila shaka zikishachafuka muuza samaki alihitaji jicho. Tangu enzi za Nero, dupondi ikaanza kutambulishwa kwa taji la miale kichwani mwa Kaisari.

Kuipika orikalko hakukuwa kazi ya kila fundi. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, na shaba haiyeyuki mpaka nyuzi 1,085. Ukizitia pamoja motoni, zinki inapaa kama moshi kabla shaba haijalainika. Warumi hawakuijua zinki ikiwa peke yake. Waliuchukua mtapo wake, wakausaga, wakaufungia pamoja na mkaa na vipande vya shaba ndani ya chungu kilichozibwa, wakakipasha moto hadi shaba ikaunywa ule mvuke. Plinius Mzee, aliyekufa na mlipuko wa Vesuvius mwaka 79, anaeleza kwamba shaba ya Marius, ya Cordoba huko Hispania, ilikuwa hodari wa kunywa kuliko nyingine baada ya ile ya Livia, na ikapelekwa kwenye sesterti na dupondi. Asi, anasema, ilijiridhisha na shaba yake ya Kupro. Sentensi hiyo huwa inanichekesha, kana kwamba asi ni mtoto wa mke mdogo.

Baada ya chungu, ikaja nyundo. Kuna maandishi ya mwaka 115 yaliyopatikana Roma, karibu na kanisa la San Clemente, yanayowaorodhesha wafanyakazi wa karakana ya sarafu kwa vyeo vyao: wa kuweka kipande cha madini kwenye muhuri, wa kukipiga nyundo, na wengineo. Wengi ni watumwa au watumwa walioachwa huru. Kila sesterti iliyopo duniani ni pigo la mkono wa mmoja wao, ndiyo maana nyingi zina kichwa kilichoegemea upande mmoja au herufi zilizoangukia nje ya ukingo.

Hapa nikiri dosari inayoweza kunitia kwenye kona. Orikalko kuukuu ikiyeyushwa upya, zinki kidogo hutoroka kila mara. Sesterti za Marcus Aurelius zina zinki chache sana kuliko za Augustus, na za karne ya 3 zimejazwa bati na risasi. Kwa hiyo shaba nayo ilipungua ubora. Lakini upungufu huo haukubadili hesabu ya mtu yeyote sokoni, kwa kuwa sesterti haikupokelewa kwa sababu ya kilichomo ndani yake. Ilipokelewa kwa sababu nne zake zilikuwa dinari moja, basi. Ilikuwa hati ya ahadi iliyoandikwa kwenye madini. Nje ya mipaka ya dola ahadi ile haikuwa na mwenyewe, na shaba ikarudi kuwa shaba: mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya 1, ule ule unaoitaja Rhapta ya pwani yetu, unasema kwamba Adulis, katika Eritrea ya leo, watu walinunua orikalko kwa ajili ya mapambo, na kuikata vipande vitumike mahali pa sarafu. Ndani ya mipaka, mtu alimpa mwenzake kipande cha chuma cha manjano chenye sura ya Kaisari, wakamalizana, kwa karne mbili na nusu. Wapenzi wa dhahabu hawapendi kulisikia hilo.

Na dola yenyewe haikuistahi shaba kiasi hicho. Ilipiga sarafu ili ilipe, si ili watu wapate chenji. Askari wa Augustus alilipwa dinari 225 kwa mwaka, na hazina ikishalipa kwa fedha na dhahabu, habari ya namna gani askari atanunua mkate wa asi moja haikuwa yake. Matokeo yake yako makambini kando ya Rhine: asi zilizokatwa katikati kwa patasi zitumike kama nusu. Sisi dukani tukikosa chenji tunapewa pipi au kiberiti, wao walikata uso wa Kaisari vipande viwili. Maofisa nao walizigonga sarafu chapa zao. Herufi VAR, za jenerali Varus, zimeonekana kwenye sarafu za shaba zilizochimbwa Kalkriese, Ujerumani, na zikawa moja ya sababu za kuamini kwamba hapo, au jirani na hapo, ndipo majeshi yake matatu yalipoangamizwa mwaka 9. Hakuna dinari iliyotoa ushahidi mzuri kama huo.

Shida ya chenji ilizidi Warumi walipoivamia Britania mwaka 43. Sarafu za shaba za Kaisari Claudius hazikutosha, ikafuata mvua ya sarafu za kuiga. Nyingine zimepigwa na fundi anayejua kazi yake, nyingine Claudius anafanana na kasuku. Kwa sheria kali za Roma juu ya kughushi, tungetarajia watu wasulubiwe, lakini zilizagaa hadi ndani ya kambi za jeshi. Aliyekuwa na mamlaka alifumba macho kwa sababu bila hizo askari wasingeweza kununua kitu. Nero aliporithi, miaka yake ya mwanzo karibu yote ilipita bila Roma kupiga shaba, hadi mwanzoni mwa miaka ya 60. Kisha akapiga sesterti nzuri kuliko zote zilizowahi kutoka: bandari ya Ostia yenye merikebu zake ikionekana kutoka juu, hekalu la Janus lililofungwa milango kwa ajili ya amani. Mtu wa ajabu Nero. Kwenye shaba alikuwa msanii kweli.

Picha hizo ndizo zilizowafanya wengi waseme kwamba sarafu ilikuwa gazeti la dola. Napunguza chumvi kidogo hapo. Ni kweli shaba ilikuwa na nafasi kubwa kuliko fedha, maana sesterti ina uso mpana wa kuchorwa hadithi. Mwaka 17 tetemeko liliangusha miji kumi na miwili ya Asia Ndogo. Kaisari Tiberius akasaidia, na miaka michache baadaye shaba zikatangaza kwamba miji ya Asia imeinuliwa tena. Hadrianus, mwaka 118, alifuta madeni ya kodi, hati zikachomwa hadharani, na sesterti ikamwonyesha mtumishi wake akizitia mwenge. Maandishi yanataja kiasi: sesterti milioni 900. Hiyo ndiyo ninayoipenda zaidi, sarafu inayotaja deni kwa jina lake yenyewe.

Lakini wangapi walisoma? Maandishi ni ya Kilatini kilichofupishwa kama ujumbe wa simu, na mteja ana nyumbu wa kulisha. Pia tuna herufi mbili kubwa mgongoni mwa shaba nyingi, S C, kwa idhini ya Seneti, na wanazuoni wamegombana vizazi kwa vizazi: Seneti iliidhinisha nini hasa, sarafu au heshima zilizochorwa juu yake? Naona ni heshima ya bure, kama mzee wa ukoo anayeulizwa maoni baada ya mahari kupokelewa. Augustus alijua sana kumwachia mtu jina na kuchukua mamlaka.

Walichotazama watu ni uso. Epictetus, mwanafalsafa aliyewahi kuwa mtumwa, anafundisha kwa mfano wa soko: sesterti hii ina chapa ya nani? Ya Traianus? Ilete. Ya Nero? Itupe nje, haifai. Ni mfano wa maadili, si taarifa ya bei, na sarafu za Nero ziliendelea kuzunguka zikiwa zimelika hadi karne iliyofuata. Hata hivyo mfano huchukuliwa mahali watu wanapopafahamu. Wakuu waliamini vivyo hivyo. Mwanahistoria Cassius Dio anasimulia kwamba mwaka 43 Seneti iliamuru sarafu za shaba za Caligula, Kaisari aliyemtangulia Claudius, zote ziyeyushwe, kwa kumchukia marehemu, na kwamba Messalina, mke wa Claudius, aliitumia shaba hiyo kumtengenezea sanamu Mnester, mchezaji wa jukwaani aliyemhusudu. Kama amri ilitekelezwa, ilitekelezwa kivivu: asi za Caligula zenye mungu Vesta ni miongoni mwa shaba za kale zinazopatikana kwa wingi. Watu hawapeleki chenji yao kuyeyushwa kwa sababu ya siasa. Huko Bilbilis, Hispania, walifanya kwa mkono. Mji ule ulikuwa umepiga asi za mwaka 31 zenye jina la Sejanus, mkono wa kulia wa Tiberius, na aliponyongwa mwaka huo huo jina lake likakwanguliwa. Sarafu yenyewe ikarudi sokoni ikiwa na kovu.

Turudi kwenye mauaji ya shaba.

Kumbuka ahadi: sesterti nne kwa dinari moja. Ahadi hiyo haikufutwa. Antoniniani ilipohesabiwa dinari mbili, maana yake ikawa sesterti nane. Sasa twende enzi za Gallienus, miaka ya 260. Antoniniani ni kisarafu cha gramu tatu hivi au pungufu, shaba iliyopakwa weupe wa fedha unaobanduka kwa kidole. Sesterti zimepungua mwili, ndiyo, lakini hata tukizihesabu kwa gramu 18 tu, nane ni gramu 144. Kisheria, mkono wa kushoto gramu 144 za shaba, mkono wa kulia gramu tatu za shaba yenye aibu ya fedha, na vyote viwili ni kitu kimoja. Mwambie mfua vyuma achague.

Hapo ahadi iliyokuwa imeibeba sesterti ikageuka kuwa kamba shingoni mwake. Kwa karne mbili na nusu thamani yake kwenye hesabu ilikuwa kubwa kuliko ya madini yake, na hilo ndilo lililomfanya mtu aitumie badala ya kuiyeyusha. Fedha ilipozama, ilizama na hesabu, madini yakabaki juu. Kila sesterti ikawa na faida zaidi ndani ya kalibu kuliko mkononi mwa muuza mkate. Karakana ya Roma nayo ilifanya hesabu hiyo hiyo: kwa nini upige sarafu nane kubwa kwa jasho la watumwa, wakati shaba hiyo ingekutolea antoniniani arobaini na zaidi? Sesterti zikaadimika, zikawa za sherehe, na katika muongo uliofuata zikatoweka. Sijui mfano mzuri kuliko huu wa sarafu mbovu kuifukuza sarafu njema, ila safari hii iliyofukuzwa ilikuwa ya maskini, na iliyoifukuza ilijiita fedha.

Ushahidi wa pili uko ndani ya vyungu. Mwaka 2010 huko Frome, Uingereza, kilichimbuliwa chungu kimoja chenye sarafu 52,503, uzito wa kilo 160, nyingi zikiwa ndizo hizo antoniniani na warithi wake. Magazeti yalikiita hazina. Kwa macho ya Hadrianus ingekuwa debe la vyuma chakavu.

Wapo walioona hatari na kujaribu kuizuia. Traianus Decius, kati ya 249 na 251, alitoa shaba kubwa ya sesterti mbili, ikiwa na taji la miale. Haikudumu. Anayenivutia ni Postumus, aliyejitangaza Kaisari wa Gaul, Ufaransa ya leo, mwaka 260. Naye alitoa sesterti mbili, lakini hakuwa na subira ya kuchimba wala kuyeyusha. Alikusanya sesterti kuukuu za akina Traianus, Hadrianus na Antoninus Pius, zilizolika kwa miaka mia ya kupita mikononi, akazipiga muhuri wake juu yake bila kuzifuta. Usiku mmoja sesterti moja ikawa mbili. Kwenye baadhi yake, ukiielekeza kwenye mwanga, unaona pua ya Kaisari wa zamani ikitokeza nyuma ya ndevu za Postumus, na herufi za jina moja zikiwa zimekanyaga za jingine. Kufumba na kufumbua wajanja wakaanza kutoa zao, nyepesi zaidi, na baada ya mwaka mmoja au miwili yeye mwenyewe akaacha. Antoniniani ilikuwa inalipa zaidi. Mwaka 269 askari wake walimuua kwa sababu aliwakataza kuipora Mainz.

Yaliyofuata nayapita haraka, kwa kuwa ni ukarabati juu ya ukarabati. Mwaka 271 wafanyakazi wa karakana ya Roma waliasi chini ya Felicissimus, ofisa wa hazina; waandishi wa kale wanataja askari 7,000 waliokufa kwenye kilima cha Caelius, idadi ninayoitilia shaka, ingawa inaonyesha kwamba wizi wa karakana ulikuwa umeota mizizi. Diocletianus, karibu mwaka 294, alileta shaba mpya nzito ya gramu kumi hivi, yenye fedha kidogo ndani, ambayo sisi tumezoea kuiita follis. Mwaka 301 akachonga bei za kila kitu kwenye mawe na kutishia kifo kwa atakayezivuka. Kwenye orodha hiyo kibarua wa shamba analipwa dinari 25 kwa siku pamoja na chakula. Kwa siku tisa anapata mshahara wa mwaka mzima wa askari wa Augustus. Dinari ilikuwa imebaki jina la kuhesabia, kama vivuli vya watu waliokwisha kuondoka.

Shaba ilifufuka upya karne mbili baadaye, na haikufufuliwa kwa picha nzuri wala kwa jina la Seneti. Mwaka 498 Kaisari Anastasius, huko Constantinople, aliagiza ipigwe sarafu ya shaba yenye herufi moja kubwa iliyojaza mgongo wote: M, ambayo kwa Wagiriki ni 40, kwa kuwa ilikuwa na thamani ya visarafu 40 vya chini yake. Mtu asiyejua kusoma aliweza kuikariri. Ndiyo hiyo iliyojaa masoko ya Shamu Waarabu walipoyakuta katika karne ya 7, na kwa muda hawakuona sababu ya kuibadilisha. Walipoanza kupiga fals zao, waliiacha ile M mahali pake, na sura ya Kaisari mwenye msalaba pia. Zile za Homs zina nyongeza ndogo. Upande mmoja, kwa Kigiriki, limeandikwa neno kalon, yaani ni nzuri. Upande mwingine, kwa Kiarabu, limeandikwa tayibu.